Soksi ya Mguu wa Kushoto

Mama Koku,

Nimekuficha jambo moja kuhusu nyonga yangu, nawe umeondoka bila kulijua. Mganga wa zahanati anasema moyo wangu umechoka. Nikingoja zaidi nitakuja nalo huko uliko, na sijui kama huko watu huambiana kitu.

Nyumba iko kimya. Koku wetu alitaka kunichukua nikaishi kwake Mwanza, nikakataa. Kibanja kimeota majani hadi kwenye mibuni ya nyuma, na kuku wako wanalala jikoni kwa kuwa sina nguvu ya kuwafukuza. Kanisani siendi. Watu wanadhani ni uzee. Ni viatu. Siwezi kuvivaa mwenyewe, kumwomba jirani naona haya, na kuingia ibadani na kandambili, mimi mwalimu niliyewarudisha watoto nyumbani kwa kosa hilo, siwezi.

Uliponikuta nyonga ya kushoto ilikuwa imekwisha kushikana, tangu ule ugonjwa wa mifupa nikiwa mwanafunzi na miezi niliyolala ndani ya plasta. Paja na kiuno vikawa mfupa mmoja. Niliketi upande, kwenye ncha ya kiti, na mguu wangu sikuufikia tena. Kila asubuhi ulipiga magoti mbele yangu, ukanivisha soksi, kisha kiatu, ukafunga kamba. Wanawake waliopita uani walikusifu kwamba bado unamwamkia mumeo kwa magoti kama mama zetu. Ukawajibu, "Waitu, jamani, mimi nafunga kamba tu." Hawakukuamini. Nilikusikia ukicheka peke yako.

Kisha goti la mguu huohuo likaisha. Nyonga haikukunjika, kwa hiyo goti lilikuwa limefanya kazi ya viungo viwili miaka yote. Tulikwenda wote kwenye hospitali ya misheni alipofika yule daktari mgeni aliyekuja kuwawekea watu magoti ya bandia. Wewe ulibaki barazani na kikapu cha chakula. Ndani aliniambia, kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mzee, tuanze na nyonga. Tuifungue, tuweke ya bandia, ukipona ndipo goti. Utakunja mguu. Utavaa viatu mwenyewe." Goti peke yake linawezekana, alisema, ila ni kazi ngumu zaidi, na mgongo utaendelea kuniuma.

Nilipotoka nilikuambia, "Nyonga haiguswi. Ni goti tu."

Ulimchukia yule daktari. "Ametoka mbali hivyo kuja kutengeneza nusu ya mtu," ulisema, na ukaendelea kuiombea nyonga yangu kila Jumapili.

Walinipasua huku mguu ukining'inia nje ya ncha ya kitanda, kwa kuwa haukuweza kuinuliwa kama wa wagonjwa wengine. Nilikuwa macho, kiuno kwenda chini kimekufa ganzi, nasikia nyundo. Muuguzi aliyeushika alinitania: "Babu, mikungu ya ndizi ya kwenu Nyabiyonza ni mizito hivi?"

Goti lilipona. Wewe ukaendelea kupiga magoti, mpaka yako nayo yakaanza kuuma. Mwaka wako wa mwisho ulishika kitanda ili uinuke. "Ba Koku," ulisema, "nami niwekewe ya bandia, nikuvishe vizuri." Nikacheka. Asubuhi ile ningeweza kukuambia. Homa ya mapafu ikakuchukua nikiwa bado natafuta pa kuanzia.

Tulipomzika mwanetu Mugisha, miaka kabla goti halijaisha, ulihamia chumba cha Koku. Sikukulaumu, kila mtu aliomboleza alivyoweza. Hatukugombana. Tuliongea habari za mvua, za kahawa, za mbuzi aliyekata kamba. Ila mkono wako haukunifikia tena, mchana wala usiku, isipokuwa zile dakika za asubuhi, kisigino changu kikiwa kwenye kiganja chako.

Pumzika, Anastazia. Kaburi lako nitalipalilia mwenyewe, nikilala ubavu maana kuinama siwezi, hadi Koku aje kunilaza karibu nawe.

Nyonga ilikuwa inafunguka. Mimi ndiye niliyekataa, kwa sababu ningejivisha mwenyewe, na wewe usingenigusa tena.