Kopo la Dawa la Karakana

4 Machi

Binti yangu,

Pokea salamu, nyingi mpaka zimwagike. Mama yako mzima, mimi mzima, ila ini langu ndilo linalosemwa vibaya. Karakana ilitupeleka sisi wachomeleaji kupimwa. Mimi, ninayeunga bodi ya basi usione ilipokatika, naambiwa vimeng'enya vya ini viko juu! Daktari mwenyewe ndevu hazijaamua kama zitaota. Akauliza, "Mzee, unakunywa kiasi gani?" Nikamwambia soda. Akacheka! Sasa msimamizi kaninyima mashine ya kuchomelea mpaka vishuke. Nafagia, mwanangu. Mimi! Na mama yako ananinusa mdomo kila nikiingia mlangoni.

Wewe nesi, niambie tu kwamba kipimo chao kibovu.

Baba yako

11 Machi

Shikamoo baba,

Mgongo unaendeleaje? Sisi huku wazima. Kipimo si kibovu. Ini likiumia, vimeng'enya vyake vinavujia kwenye damu, ndiyo maana vinaonekana vingi. Pombe ni sababu moja tu. Kuna mafuta kwenye ini, kuna virusi, kuna dawa. Najua hunywi. Niandikie dawa zote unazomeza.

Mwanao

15 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Mimi sijambo, sijambo ya mfagizi. Dawa simezi hata moja, na daktari nilimwambia hivyo hivyo. Nimeendesha malori nchi tano kabla hujazaliwa, nikanywa maji ya kila mto, sijalazwa hata siku moja. Wanipime upya, tena kwingine.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini mnaendelea vizuri. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika. Mama kanipigia simu: Jumapili ulimeza vidonge vyekundu asubuhi, jioni vyeupe. Vile ni nini, karanga?

Mwanao

8 Aprili

Binti yangu,

Salamu zangu unazo, lakini usinipandishie sauti kwenye karatasi. Vile si dawa, ni vidonge vya dukani! Dawa ni ile anayoandika daktari. Karakana tuna kopo letu, tunachangia, na mgawaji ni mimi. Wananiita Daktari, na hakuna mgonjwa aliyewahi kunilalamikia. Vyekundu vya kichwa, vyeupe vya mgongo, vya njano vya mafua. Kila ugonjwa na chake. Mimi sichanganyi mambo.

Baba yako

14 Aprili

Shikamoo baba,

Afya kwanza, ugomvi baadaye. Mama kanisomea kwenye simu pakiti ulizoleta nyumbani. Vyekundu ni parasetamo. Vyeupe ni parasetamo. Vya njano ni parasetamo na kitu cha mafua juu yake. Ni mgeni mmoja kavaa mashati matatu, na wewe kila akibisha unamkaribisha upya! Kwa kipimo chake hana neno. Akizidi, tena kila siku, anaweza kuliumiza ini. Siapi kwamba ndiye yeye. Mpelekee yule daktari pakiti zote, umweleze kila kitu, na usimeze hata kimoja mpaka aseme. Nenda kesho. Na kesho maana yake kesho, baba, si mwezi ujao.

Mwanao

20 Mei

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Nilikwenda. Yule kijana safari hii hakucheka, na hilo ndilo lililonikera, maana nilikuwa na majibu yangu tayari. Akanizuia vidonge vyote. Juzi kanipima tena: vimeshuka, karibu vifike mahali pake. Mashine nimerudishiwa, mama yako kaacha kunusa. Ningekuwa nacheza ngoma sasa hivi.

Lakini akaniuliza, "Na wale uliokuwa unawagawia?" Nikawazungukia mmoja mmoja. Wakanicheka, "Daktari kafukuzwa kazi!" Asiyecheka alikuwa mmoja tu, mshona viti vya mabasi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Wachomeleaji tulipopimwa, yeye hakuitwa. Wengine nilikuwa nawapa viwili, yeye namwongezea kila mara, kwa sababu nampenda. Alipoinua uso kutoka kwenye cherehani, macho yalikuwa ya njano.

Nimemleta hospitali mwenyewe. Wamemlaza. Nimekaa kwenye benchi la nje nakuandikia, na kila nesi anayepita ananiambia, "Subiri, mzee." Subiri nini, hawasemi. Wewe usinifiche, wala usinibembeleze: ini la mtu likifika hapo, linarudi?

Baba yako