Maji ya Kunywa ya Zaina

Kwa mwanangu Mwamvua, aliyeko Ujiji.

Nakupa salamu kwanza, ugomvi utafuata. Hujambo? Mume wako hajambo? Na huyo mtoto wako mchanga ananyonya vizuri, au bado anakung'ata? Sisi huku Rumonge tu wazima, isipokuwa magoti yangu ambayo hayasikii dawa. Kaka yako Juma naye mzima. Biashara ya mawese inakwenda, na ananuka mawese mpaka nzi wakitua kwenye kanzu yake wanateleza.

Nahodha Marijani amefika juzi na maneno yako. Umesema nimpandishe mwanao Zaina mtumbwini arudi kwako, maana umesikia anaharisha, na maji ya Rumonge yanaua watoto. Nahodha anaondoka kesho kutwa. Basi nisikilize kabla hujaniudhi zaidi.

Kuharisha ni kweli. Sikukuzaa ili nikudanganye. Mvua zilipoanza, mto ulimwaga matope ziwani, karibu na mwalo tunapoteka. Watu wenye akili wakasogea mbele. Mimi kwa ajili ya magoti nikaendelea kuteka pale pale, nikayachuja kwa kitambaa cha merikani kama nilivyokuchujia wewe ulipokuwa mdogo. Niliona yanatosha. Hayakutosha. Siku sita mtoto aliharisha, nikimbeba ni mwepesi kama ganda la karanga. Kosa lile ni langu, si la ziwa. Ziwa ni hilo hilo unaloogea wewe.

Alipopata nafuu nikasema, maji ya namna ile hayaingii tena katika kinywa cha mtoto huyu. Nikaenda kwa Sefu, yule Mwarabu mwenye duka. Akaniuzia shabu. Unakoroga kipande mtungini jioni, asubuhi matope yote yamelala chini, na juu maji yanang'aa kama kioo. Nilifurahi, nikaita majirani waje waone. Zaina akanywa. Siku ya pili tumbo likamkata tena. Hapo ndipo nilipojua kuwa shabu inazamisha matope, haizamishi ugonjwa.

Nikarudi dukani na mdomo wangu. Sefu akanitolea chombo cha udongo wa Ulaya, kina bomba chini na jiwe jeupe la kuchujia ndani. Anasema Wadachi wa boma la Usumbura wanakunywa humo.

Nikamwuliza, "Na jiwe likipasuka?"

"Litaletwa jingine, bibi. Lazima litoke pwani."

"Litafika lini?"

"Mungu akipenda, baada ya masika."

"Masika yapi, haya au ya mwakani? Na mjukuu wangu akae na kiu anakungojea wewe na jiwe lako?"

Akacheka, akakifuta vumbi, akakirudisha juu. Ni chombo kizuri, simsingizii. Lakini kitu cha maji nyumbani lazima niweze kukitengeneza kwa mikono yangu kikiharibika.

Mtu aliyenisaidia ni Nahimana, Mrundi wa Gatete anayetuletea mihogo. Aliniambia, "Amahoro, mukecuru. Maji ya ziwa iko nzito. Maharagi inakataa kuiva, sabuni inakataa povu. Teka kwa iriba yetu." Iriba kwao ndiyo chemchemi, na mukecuru ndiye bibi kizee, yaani mimi. Maji yake matamu kweli, na maharage yanaiva upesi, lakini kwenda na kurudi ni nusu ya siku. Yale nayaweka ya kupikia, Juma akiniletea. Ya kunywa, Nahimana akanifundisha vyungu viwili. Cha juu unakitoboa tundu chini, unatia changarawe, halafu mchanga, halafu makaa yaliyopondwa, halafu mchanga tena. Unamimina maji, yanadondoka kidogo kidogo kwenye chungu cha chini.

Sasa cheka, maana najua utacheka. Mimi mtu wa ufukweni, nikiambiwa mchanga najua mchanga uko wapi. Nikamwagiza Juma gunia kutoka Magara. Ukaja mchanga mweupe, laini, unapendeza. Nikaujaza. Kabla ya adhuhuri paka wanne wamekizunguka chungu, wanalia. Nikawafukuza kwa ufagio, wakarudi sita. Jioni akapita Mwalimu Hamisi, huyu huyu anayeniandikia barua, nikamtolea maji hayo achukue udhu. Akanawa mikono, akasimama, akanusa viganja.

"Binti Feruzi," akasema, "haya ni maji au ni mchuzi? Maji yaliyogeuka harufu hayanifai kwa sala."

Mwalimu hataki kuliandika hilo, nimemwambia aandike, karatasi ni yangu.

Kumbe kule Magara ni juu ya mchanga ule wanakoanika dagaa, mwaka hadi mwaka! Nahimana alipokuja nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakaa chini na kapu lake la mihogo. "Mukecuru! Umechuja maji na kaburi ya ndagala!"

Akanipeleka mwenyewe kuchota mchanga wa mtoni, juu huko, watu wasikofulia. Tukauosha, tukauosha tena, mpaka maji ya kuoshea yakatoka meupe. Makaa tumechoma kokwa za chikichi, maana zinazobaki kwenye mawese hapa hazina mwisho. Na bado akanionya: "Chemsha tu, mukecuru. Safi ya macho si safi ya tumbo." Basi yakishadondoka, ya Zaina nayachemsha, nayafunika, hakuna mkono unaoingia humo ila kata yangu.

Tangu hapo mwezi umeandama, umejaa, na sasa unapungua, na tumbo la mtoto limetulia. Anakula. Amenona mashavu. Jana kamfukuza mbuzi wa jirani mpaka mwaloni, nikapokea matusi kwa ajili yake, nikayapokea kwa furaha. Nimemwuliza kama anataka kwenda kwa mama. Amesema anakutaka, lakini wewe ndiye uje. Nimekuandikia kama alivyosema, sikutia langu. Langu ni hili: nyumba hii bila yeye mimi siiwezi.

Nisalimie shangazi yako msuka mikeka, umwambie ule wa mlangoni umechakaa. Nisalimie mkwe wangu, mwambie salamu hailipiwi ushuru. Nisalimie na yule mkunga mzee aliyekupokea wewe na Zaina, kama bado macho yanaona.

Zaina simpandishi mtumbwini. Nimempa nahodha kibuyu badala yake, kipya, hakijatiwa mawese, mdomo umezibwa kwa nta. Ndani ni maji ya leo asubuhi, ya chungu cha Zaina mwenyewe. Yanuse, yaonje, mwite na paka wako aonje. Ukikuta harufu ya samaki, au tumbo likikusokota, tuma neno, nami mwenyewe nitakuletea mwanao, kwa magoti haya haya.

Kunywa kwanza, ndipo unijibu.

Mimi mama yako,
Binti Feruzi