Kigelegele cha Mama Houda

Dada Mwanvua,

Assalam aleikum kutoka Buyenzi. Nakuandikia kwa sababu simu ndefu taya langu halizitaki. Usisikitike, niko muzuri: asubuhi naliwekea kitambaa cha moto, mandazi naloweka kwenye chai, na nikipiga miayo nashika kidevu. Yote kanifundisha Houda wangu, anayenyoosha watu viungo hospitalini. Nani mwingine Buyenzi nzima ana mtoto kama huyo?

Jumamosi tulimwoza. Kigelegele cha kwanza ni cha mama, na sauti yangu unaijua. Lakini niliogopa, dada. Siku ya Idi taya lilikwama, nikabaki mdomo wazi mbele ya wageni.

Basi pale harusini watu wakanisubiri. Houda, bibi harusi mzima, akainuka kitini, akanishika mashavu kwa mikono yake ya hina.

"Mama, fungua kidogo tu. Mi nakushikilia."

Nikatoa kimoja, kifupi. Taya likatulia, wallahi! Mama wa bwana harusi akafuata na vyake virefu, maskini, watu walikuwa bado wananitazama mi.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Houda