Mama Skola, Nasikika?

Baba Skola wangu,

Kuna swali uliniuliza ukiwa jukwaani, na mwanao ananidai jibu lake. Anasema sikukujibu. Nilikujibu, ila kwa kidole, nawe ulikiona. Lakini huyu mtoto huwezi kushindana naye, ubishi kaurithi kwako mzima mzima.

Unakumbuka tulivyokuwa tunagombana kwa ajili ya waya? Mimi fundi mitambo wa ukumbi, nimekaa kule nyuma na mikisa yangu, ile meza ya kuchanganyia sauti. Wewe uko mbele na gitaa lako la besi na lile liamplifaya lako jeusi lililopasuka kona. Kila Jumamosi nilikuletea waya nikakwambia, chomeka hapa, sauti yako ipite kwangu, itoke kwenye spika kubwa za ukumbi pamoja na wenzako. Na kila Jumamosi uliusukuma kando kwa mguu.

"Nyie watu wa mitambo mnatuchuja kama chai," ulisema. "Mimi besi yangu inatoka hapa, inaenda kwa watu moja kwa moja."

Ulitaka liamplifaya likae nyuma yako likutikise suruali. Ulidai bila hivyo hujui kama unapiga au unakuna nyuzi tu. Mwisho niliacha kukubembeleza, lakini nafasi yako kwenye mikisa sikumpa mtu. Nilibandika kipande cha plasta nyeupe, nikaandika BESI, kikakaa pale miaka yote bila waya. Wanamuziki wenzako walitucheka, eti nyumbani tunalala kitanda kimoja, ukumbini hata waya hatushirikiani.

Kila mlipopiga nilikuwa narekodi kutoka kwenye mikisa kwenda kwenye flashi. Tulipokuzika nikazifungia kabatini, sikuwa na moyo wa kuzigusa. Hadi wiki iliyopita Skola aliporudi kutoka shuleni. Walikuwa wameambiwa waeleze kazi za wazazi wao, akaniuliza, "Mama, hivi besi inaliaje?"

Nilikaa chini. Mtoto aliyekuwa anasinzia ameegemea mguu wako ukifanya mazoezi, leo anauliza besi inaliaje. Alikuwa mdogo sana ulipougua figo, najua. Ila nilidhani masikio hayasahau haraka namna hiyo. Niliogopa, Baba Skola. Niliona unaondoka mara ya pili, na safari hii unatoka ndani ya mtoto.

Nikazitoa flashi, tukasikiliza kadhaa, moja baada ya nyingine. Waimbaji wapo, ngoma zipo, hata yule emsii mwenye kikohozi yupo. Wewe tu ndiye umekosekana. Sababu niliijua kabla Skola hajafungua mdomo. Flashi inachukua kile kinachopita kwenye mikisa, na wewe ulikataa kupita. Uliwafikia waliokuwa ukumbini siku hizo, ukaishia nao palepale. Nilikukasirikia, mume wangu, wewe uliye kaburini. Nikaenda kulia jikoni.

Huko jikoni ndiko nilikoikumbuka ile harusi ya pale ukumbini. Mlikuwa mmetoka kupiga Karema. Amplifaya yako ilipakiwa kwenye lori la dagaa, lori likakwama kwenye tope kabla ya Kasekese, wewe ukafika Mpanda na gitaa tu mgongoni. Siku hiyo hukuwa na ujanja. Uliupokea waya wangu kama mtu anayepewa dawa chungu.

Spika za ukumbi zinatazama watu, kwa hiyo aliye nyuma yake hasikii vizuri anachopiga. Ulipiga nyuzi mbili tatu, ukanyong'onyea, ukaisogelea maiki ya mwimbaji. "Mama Skola, nasikika?" Nikakuinulia dole gumba. Hukuamini. Ukashuka jukwaani huku unapiga, waya ukikufuata, hadi ulipokomea karibu na meza ya keki, na shangazi wa bibi harusi akaikinga keki yake kwa mikono miwili. Watu walicheka. Wewe ulisimama tu mbele ya spika kubwa, kichwa umekiinamisha, unajisikiliza.

"Kumbe wananisikia hivi," uliniambia tukirudi nyumbani, na hukusema lingine. Wiki iliyofuata lori likanasuka, na waya wangu ukausukuma tena kwa mguu.

Jana asubuhi nilimchukua Skola nikaenda naye ukumbini, maana shule zimefungwa. Sikutaka akusikie kwenye kale karedio ketu ka nyumbani, spika yake ndogo ingekumeza. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepangwa kimoja juu ya kingine. Nikawasha mitambo, nikachomeka flashi ya ile harusi. Zikaja kelele za wageni, emsii akaita kamati, halafu ukaja wewe.

"Mama Skola, nasikika?"

Kisha kimya. Dole gumba halirekodiki.

Skola akanigeukia. "Mama, mbona hukumjibu?"

"Nilimjibu kwa kidole."

"Mimi sijasikia."

Hapo besi ikaingia. Skola aliweka kiganja kifuani, akanitazama, kisha akatembea mwenyewe hadi mbele ya spika, palepale ilipokuwa meza ya keki. Hakuna aliyemwonyesha. Alisimama ameinamisha kichwa hadi wimbo ukaisha, nami sikuondoa macho kwake, kwa jinsi alivyokuwa wewe.

Akasema nirudishe mwanzo. Nikarudisha, ukauliza tena. Nilitaka kujibu kwa mdomo. Mkono ukainuka wenyewe, dole gumba juu, kuelekea jukwaa lisilo na mtu.

Nimezoea kukukosa kila mahali isipokuwa pale ukumbini. Kila Jumamosi bado nakunjua ule waya, nakumbuka, naukunja tena. Plasta yako sijaibandua. Liamplifaya lako liko sebuleni, Skola anafanyia kazi za shule juu yake, na ole wake atakayelisogeza.

Mtoto ameshikilia kwamba kidole si jibu. Kwa hiyo leo nimewahi ukumbini peke yangu, nimewasha maiki, nimelisema kwa mdomo spika zote zikiwa wazi, na nakuandikia pia ili usibaki unauliza huko uliko. Lala salama, mume wangu. Unasikika. Baba Skola, unasikika.

Mkeo,
Mama Skola