Nyumba Niliyomweleza Yesenia

Jumatatu, 11 Septemba

Alfajiri trekta la kiwanda cha matrela hapa Goshen limekuja kuichukua nyumba yetu ya magurudumu. Ndivyo wanavyofanya hapa: unagongewa dirisha, unatoka na dawa zako na koti lako, nao wanaivuta nyumba hadi karakana kama ng'ombe anayepelekwa kukamuliwa. Alasiri wanairudisha. Mchana kutwa tunakaa chumba cha kusubiri, wenye matrela wote, na mbwa wetu, na hasira zetu.

Sisi hatuna mbwa. Tuna mashine yangu ya oksijeni, inayokoroma kuliko mbwa yeyote.

Trela jipya! Tulilinunua masika haya haya. Lile kubwa, ambalo shingo yake hupanda mgongoni mwa pikapu; sisi pikapu hatuna, tunakodi. Paa linavuja juu ya kitanda. Ubavu wa sebule, ule unaosukumwa nje kwa mota ili chumba kipanuke, umekwama, na sakafu yake imelowa hadi ukikanyaga inabonyea kama keki mbichi. Delbert anayataja matatizo yote polepole, kwa mpangilio, kama alivyokuwa akisoma anuani siku zake za posta. Namkatiza. Siwezi kutulia. Nakaa, nasimama, nakaa tena, mrija unanizonga miguuni.

Daktari wa kwetu Decorah alisema moyo wangu huenda ukaiona theluji, huenda usiione. Delbert alikuwepo, alisikia. Hatujalizungumza tena. Mimi nataka jambo moja tu: nikiondoka, Delbert abaki na sakafu kavu. Hana nyumba nyingine. Tuliyokuwa nayo tuliiuza ili tununue hii. Aliyesema tuuze ni mimi.

Jirani yetu hapa uwanjani ni Truett, zimamoto mstaafu kutoka Texas. Leo ameingia na nyundo mkononi.

"Nimeikuta ndani ya ukuta wangu," akatangaza. "Nawarudishia wenyewe, wasije wakanishtaki kwa wizi. Nyie mmekuta nini?"

"Glovu," Delbert akasema. "Imezibia tundu la bomba."

"Moja tu? Dai ya pili, mzee! Umeuziwa jozi!"

Watu wakacheka hadi mbwa wakabweka. Kisha Truett akavuta kiti karibu nasi, akapunguza sauti. Tukiulizwa tunaishi wapi, tusithubutu kusema tunaishi humo. Waranti, ile ahadi ya kiwanda ya kutengeneza bure, ni ya watu wa likizo. Ukishasema ndiyo nyumba yako, huna waranti.

"Lakini tunaishi humo," Delbert akasema.

"Kwani mimi naishi wapi, kaka? Ila wakiniuliza, nina nyumba kwa dada yangu, kule Lubbock. Na wewe jitafutie ya kwako. Upesi."


Jumanne, 12 Septemba

Limeulizwa.

Anayepokea malalamiko anaitwa Yesenia. Mama wa makamo, kalamu imechomekwa kwenye nywele, na nyingine anaitafuta. Mpole — ningependa awe mkali. Alisikiliza habari za paa, za ubavu, za sakafu, akasikitika kwa dhati. Halafu, akiandika, bila hata kuinua macho: "Na mkiwa hamko safarini, mama, kwenu ni wapi?"

Delbert akatazama viatu vyake. Tangu anioe sijamsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kusifu chakula.

Nikajibu mimi. "Decorah, Iowa. Nyumba nyeupe, mkabala na kanisa."

Ingetosha! Kanisa lipo, nyumba ipo, ni nyeupe. Kwa nini nikaongeza mtufaha? "Uani kuna mtufaha," nikasema, "mwaka huu umezaa mpaka matawi yanagusa chini."

Maisha yangu yote ya kazi nilifundisha historia. Mwanafunzi akibuni ushahidi mmoja tu, nilimrudishia insha yote aiandike upya, hata kama alilia. Wengine walilia.


Alhamisi, 14 Septemba

Paa limezibwa. Katika kuliziba wametoboa bomba la sinki. Delbert amefungua mfereji wa jikoni, maji yakatoka kabatini. Amesimama akiyatazama kwa heshima, kama mtu aliyeona muujiza.

Ukipita nyuma ya kiwanda unaelewa. Wanalipwa kwa trela, si kwa saa, basi wanakimbia — wanakimbia kweli, na mabomba mabegani — ili wamalize kabla ya chakula cha mchana waende kwao. Wenye ndevu na mikanda ya suruali ya mabegani, ambao dini yao inawakataza magari, wanapanda baiskeli zao, wengine magari yao, na uwanja unabaki kimya. Siwalaumu. Nami nina haraka.

Sikuweza kukaa na Truett na kelele zake. Nilijivuta hadi kwenye meza ya Yesenia, nikisema nataka maji. Akanipa kiti. Akaniuliza nani anamwagilia bustani yetu ya nyanya huku tukihangaika hapa.

"Solveig wa kanisani," nikasema. Na basi nikafunguka! Nikamweleza ngazi ambayo kipandio chake cha tatu hulia, tukakiacha kilie ili tujue nani anashuka. Dirisha la jikoni linaloshika jua la asubuhi. Baraza ambako Delbert huvulia viatu. Yote kwa wakati uliopo. Yesenia akaweka kalamu chini, akasema: "Bibi, ningekuwa wewe nisingetoka humo hata kwa kuburutwa."

Nilicheka naye. Jambo ninaloliandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu ni hili: sikuona haya. Nilikuwa na furaha. Mwaka huu sijawa na furaha kama ile.


Ijumaa, 15 Septemba

Walionunua nyumba yetu waliukata mtufaha. Solveig aliniambia kwa simu mwezi wa Julai.

Leo nimemwahidi Yesenia kikapu cha matufaha.


Jumapili, 17 Septemba

Kiwanda kimefungwa. Mvua tangu asubuhi. Magari ya farasi yamepita barabarani kwenda ibadani, moja baada ya jingine, na farasi wanatoa mvuke. Silikoni mpya waliyozibia paa imevumilia hadi kahawa ya kwanza, kisha tone — shavuni kwangu, si mahali pengine! Delbert ameleta sufuria, ameiweka kifuani kwangu kwa kuwa sina nguvu ya kusogea. Tumelala hivyo, sufuria inapanda na kushuka na pumzi yangu. Ilitupasa kucheka. Tulicheka.

Halafu akasema, macho yako darini: "Unamweleza vizuri yule mama."

"Nani?"

"Yesenia. Kuhusu nyumba. Nasikia kutoka kule kwenye viti."

Moyo ukanidunda vibaya. Nikamwuliza kama amekasirika.

Delbert hufikiri kama anayetafuta kijia cha kupita bila kukanyaga maua ya watu. "Umesahau kabati la chini ya ngazi," akasema.

Nikageukia ukuta. Ukuta wa trela ni karatasi yenye picha ya mbao. Karibu na mto wangu picha imeanza kubanduka.

Je, aliwahi kutaka safari hii? Nilitaka bahari, milima, kila siku dirisha jipya. Nilisema nisife nikitazama kanisa lile lile. Naye akasema sawa. Siku ya kukabidhi funguo alifagia nyumba nzima, hata dari la juu, kwa ajili ya watu asiowajua, akasema sawa. Sikumwuliza mara ya pili. Niliogopa jibu lingekuwa tofauti.


Jumatatu, 18 Septemba

Kesho namwambia Yesenia ukweli. Nimeamua.

Nikisema, sakafu haitengenezwi. Delbert atabaki mjane ndani ya kopo linalovuja. Nisiposema, nitakuwa nimekufa mwongo. Mchungaji atakapoleta mkate na divai nitajibu nini? Nimezunguka uwanja mara nyingi sana na kichupa cha oksijeni begani, Truett amenipigia kelele kutoka dirishani mwake: "Mwalimu! Unatafuta mlango wa kutokea? Na mimi nautafuta!"

Nitamwambia. Au nimwambie Delbert kwanza.


Jumanne, 19 Septemba

Sikumwambia. Alianza yeye.

Alikuja mwenyewe hadi kwenye viti vyetu, akachuchumaa mbele yangu, akanishika goti. Sakafu ya ubavu imeoza mpaka kwenye mbao za chini. Wamekubali kuibadilisha yote, na paa jipya juu yake, kwa waranti, hakuna ubishi — amepigana na wakubwa zake. Lakini vifaa havitafika upesi. Huenda Novemba.

"Na mimi siwezi kuwatazama mkikaa kwenye viti hivi hadi Novemba," akasema. "Rudini nyumbani, bibi. Ukalale kitandani kwako. Likiwa tayari, madereva wetu watalileta hadi mlangoni."

Delbert akaanza kufunga na kufungua kifungo cha koti lake.

Kumbe haikuishia hapo! Mumewe, Efraín, huwasafirishia matrela wauzaji. Kesho anapeleka moja Waterloo, huko huko Iowa. Viti vya nyuma vya pikapu ni vitupu, na Decorah si mbali na hapo. Atatushusha kwetu. Yesenia ameshamwambia, naye ameshakubali.

Naandika ukweli, kwa kuwa nimebakiwa na hapa tu pa kuuandika. Hakuna aliyenilazimisha. Jibu lilikuwa mdomoni: tutapanga chumba hotelini, hapa hapa Goshen, mama usijisumbue. Sentensi rahisi. Isingegusa waranti. Nilifungua mdomo niiseme, na kilichotoka ni namba ya nyumba na jina la mtaa.

Yesenia akaandika mkononi mwake kwa kuwa karatasi ilikuwa mezani. "Atapaona kwa urahisi?"

"Mkabala na kanisa," nikasema.

Ndipo Delbert akakohoa. Nikajua sasa anasema ukweli. Nikafumba macho, namshukuru Mungu kwamba ni yeye.

"Mwambie anyanyue lango kwanza ndipo asukume," akasema. "Akisukuma tu, halifunguki. Bawaba ya chini imelegea. Nimekuwa nikisema nitaitengeneza."

Yesenia akaandika na hilo. Delbert masikio yalimwiva mekundu kama mvulana, na hakunitazama.


Jumatano, 20 Septemba

Trela limekokotwa hadi nyuma ya karakana. Tumebaki na mabegi mawili na mashine. Truett ametuletea korosho za safarini, akamkumbatia Delbert, akamnong'oneza — kwa sauti ya zimamoto, basi nilisikia — "Kumbe mna nyumba ya kweli! Na mimi nilidhani mnajua kudanganya."

Efraín yuko nje, injini inanguruma. Mtu mstaarabu; amefuta viti. Ametandika blanketi upande wangu.

Delbert amevaa koti la kanisani. Amenyoa. Hatujazungumza tangu jana ila mambo ya dawa na soksi. Sasa hivi, tukiwa peke yetu humu chumba cha kusubiri, nimemwuliza polepole: "Delbert, tukifika tutafanyaje? Tutapiga hodi?"

Amefunga zipu ya begi. Amehakikisha imefungika.

"Sijawahi kupiga hodi pale," amesema.

Ameinua mashine ya oksijeni, ameikumbatia kifuani, anatoka nayo. Hajageuka kutazama kama nimesimama. Honi. Bado naandika. Mrija umenyooka kutoka puani mwangu hadi mlangoni, umekaza, unanivuta —