Ndoo Tatu Ulizobakisha, Angeline

Mwaka umetimia, Angeline, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotuacha ukiwa barazani, mkasi mkononi, ndoo nne za maua ya haibiskasi zikiwa zimeshakatwa matawi na tatu zikingoja.

Ni mimi Kinoti, mumeo, ninayeandika. Watoto walisema niandike kwa sababu ndimi niliyekuwa karibu. Nilikuwa jikoni. Nilikuita chai, ukajibu, "Baba Makandi, ngoja nimalize hizi tatu nakuja. Mvua iko karibu." Nikamimina kikombe chako, nikakifunika kwa sahani. Nilipotoka kukuita tena ulikuwa umeketi chini, umeegemea ukuta. Daktari alisema ni moyo. Nikamwambia sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa.

Kanyakine yote ilikujua kama fundi wa sare za shule. Mtoto aliyekuja kupimwa Januari ulimwekea pindo refu kwa ndani, bila kumwambia mzazi. Mwaka uliofuata ulimshushia pindo hilo pale pale, mkipiga stori na mama yake.

Na maua yako. Kila Machi, kabla ya mvua, uliyakata. Ulipangusa mkasi kwa spiriti, ukatafuta kijicho kinachotazama nje, pale tawi linapotaka kuchipua, ukakata mshazari juu yake kidogo. Ulisema ua la haibiskasi huja kwenye tawi jipya, kwa hiyo mwoga wa kukata hapati maua. Julai, ukungu ukishuka, uliziingiza ndoo zote sebuleni, tukawa tunatazama habari katikati ya majani. Vidukari, wale wadudu wa majani, uliviosha kwa maji ya sabuni, jani kwa jani, huku ukivigombeza.

Mimi ulinipiga marufuku. Mwaka fulani nililikata lile jekundu jinsi ninavyokata kahawa, nikabakisha kisiki na chipukizi moja. "Wee Kinoti, kwani hii ni kahawa? Unataka kuipeleka faktori?" Siku mbili hukuniongelesha. Ya tatu ulicheka mpaka ukakaa chini. Lilipona, ila limeinama hadi leo.

Tulipokuzika, watu walirudi kwao, nasi tukabaki kumwagilia maji tu. Zile ndoo nne zilitoa maua mengi. Zile tatu zilirefuka, zikawa nyembamba, majani ya chini yakadondoka. Ya tano ulikuwa umekata matawi mawili, ukabakisha matatu.

Agosti binti yetu Makandi alikuja kutoka Embu alikoolewa, akachukua mkasi. Nikamwambia, "Wacha hiyo. Mama yako atamalizia." Nilisema hivyo miezi mitano baada ya mazishi. Makandi alirudisha mkasi kwenye msumari, akaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Angeline, mimi sijalia. Watu wa kanisa wananisifu kwamba nimejikaza. Sijajikaza. Nimekufa ganzi tu, kama mguu uliolaliwa, na naogopa siku mguu huo utakapoamka. Nakula, naenda shambani, nalala upande wangu wa kitanda.

Wiki iliyopita mwanetu Vincent alisimama kwenye ndoo ya sita akasema, "Baba, hii inakufa. Ukingoja tena utabaki na ndoo na udongo." Alivunja kijitawi, ndani kilikuwa kikavu. Nilikuwa nimekutunzia kazi yako mpaka inaoza.

Jumamosi tulikata. Vincent alipangusa mkasi, Makandi alishika matawi, mimi nikakata. Tulianza na ya saba. Ile ya sita, nisamehe, ilibidi niikate kama kahawa, karibu kabisa na udongo, ndipo tukakuta kijani. Ya tano niliiacha mwisho. Pale ulipokata mwaka jana pamekauka, pana rangi ya kijivu, lakini mshazari wako bado unaonekana. Nikaufuatisha kwa matawi matatu yaliyobaki. Kwenye la mwisho nilikawia, Makandi akanishikia kiwiko.

Kwa hiyo siku yako hatuna maua, na hilo linaniuma. Watakaokuja kwa ibada hapa nyumbani watakuta vijiti vimesimama kwenye ndoo saba. Wasitucheke. Mvua ikinyesha vizuri, labda yatachanua Juni.

Wanaokukumbuka ni mimi mumeo Kinoti, wanao Makandi na Vincent, mkweo Ndwiga, mjukuu wako Beverlyne, anayevaa sare uliyoshona na pindo lake halijashushwa bado, dada yako Ntinyari wa Laare, na kina mama wote wa kanisani waliobeba vipandikizi vya maua yako kwenye mikoba yao.

Zile tatu zimekwisha, Angeline. Chai nimeifunika kwa sahani. Tutakukumbuka siku zote.