Sisi wa Kwenye Barua

Jumatatu, 4 Mei

Saa kumi na moja, darasa la Kiingereza kwa Mwalimu Kokila kama kawaida. Ghorofa ya pili, Kisutu. Chumba kinanukia ubani na vitunguu vya kukaanga. Wanafunzi saba, mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Miaka arobaini na moja na bado nabeba daftari. Wacheke.

Leo tumesoma "we". Nilidhani neno jepesi, sisi, tumemaliza. Kumbe Mwingereza ana "we" za kila aina. Ipo ya nesi anayemwambia mgonjwa tunywe dawa zetu, na yeye hanywi hata tone. Ipo ya malkia, mtu mmoja anayejihesabu wengi. Ipo ya kampuni: barua inasema sisi, saini ni moja. Nikasema mbona hata kwetu ipo. Balozi wetu wa nyumba kumi husema jamani tuzibue mtaro, kisha anakaa barazani kututazama tukizibua. Darasa zima hoi. Mwalimu akafuta machozi kwa ncha ya sari.

Jumatano, 6 Mei

Ghala letu la vitambaa limeuzwa, limepata mwenyewe. Miaka kumi na tano nimepiga taipu pale, mali ya shirika la umma. Sasa ile ruksa ya biashara imefika mpaka mlangoni kwetu.

Meneja mpya ni kijana, tai nyekundu, Kiingereza kingi. Amepita mbele ya Mzee Nandonde bila shikamoo. Mzee ni mkuu wa wapakiaji, alikuja kutoka Newala kabla huyu hajazaliwa. Sijampenda. Basi.

Ijumaa, 8 Mei

Meneja kaniita, kafunga mlango. Kanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono, Kiingereza kitupu, niipige taipu. Jumatatu watu wote kumi na wawili wa ghalani waweke saini au dole gumba. Niwaambie ni fomu ya likizo. Wananiamini, anasema. Nikifanya hivyo nitakuwa katibu wake, ofisi mpya, ghorofani.

Nimesoma mara mbili. Inaanza na "we". Sisi wafanyakazi tumeomba wenyewe kuacha kazi. Sisi hatudai chochote. Sisi tunaishukuru kampuni. Kila sentensi sisi, na alipokuwa akiiandika hakuwapo hata mmoja wetu.

Nimeipiga. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye. Nimeipiga, safi, bila kosa.

Jumamosi, 9 Mei

Nafasi ile naitaka. Niseme kweli. Naitaka ile meza yenye droo, nautaka ule upepo wa feni, nataka kuitwa katibu.

Nimemweleza mume wangu, Baba Halima. Kasema nisijitie kimbelembele, kila mtu na lake, nyumba hii ina midomo mitano. Nimemnunia kutwa nzima. Kinachoniudhi ni kwamba ana hoja.

Jumapili, 10 Mei

Nimefua. Nimefua hata nguo safi.

Jumatatu, 11 Mei

Nimefukuzwa kazi. Niandike ilivyokuwa.

Pale ghalani tuna desturi yetu ya tangu zamani. Saa nne tunakaa juu ya marobota, tunakunywa chai, na mwenye barua ananipa niisome kwa sauti mbele ya wote. Ya nyumbani, ya hospitali, ya mahakamani. Nimesoma hata barua za talaka. Hakuna mtu wa pale anayeweka dole kwenye karatasi ambayo sijaisoma. Meneja hakulijua hilo. Nami sikumwambia.

Akaja mwenyewe katikati ya chai, karatasi mkono mmoja, pedi ya wino mkono mwingine. Pedi akaiweka juu ya robota mbele ya Mzee Nandonde, karatasi akampa yeye kwanza. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akanigeuzia mimi.

"Haya mwanangu. Tusomee kwanza."

Meneja akanikazia macho. Nilifikiria ile meza. Nilifikiria midomo mitano. Kisha nikaona aibu kuwa nilikuwa nafikiria, na aibu ikageuka hasira.

Nikasoma. Kwa Kiswahili, polepole, mstari kwa mstari. Kila penye "we" nikasimama, nikasema hapa wanaposema sisi ni wewe Mzee, ni wewe Shabani, ni wewe Mama Pili, na ni mimi. Mmeomba kuacha kazi. Hamdai kitu. Mnashukuru. Hakuna aliyegusa kikombe.

Mzee akairudisha ile pedi ya wino, taratibu, kwa heshima zote.

"Baba, hao sisi wako ukiwapata, waambie waje waweke dole wenyewe."

Nikaambiwa nitoke sasa hivi. Nikasema sawa, ila natoka kwa mlango wa mbele. Sikulia. Naogopa sana. Sijuti.

Jumatano, 13 Mei

Mzee Nandonde na Mama Pili wamekuja kunijulia hali. Wameleta ndizi na mchele. Hakuna aliyeweka dole. Jana wote walikwenda ofisi ya kazi, wakajaza korido, wakaambiwa warudi wiki ijayo na watarudi. Meneja sasa anawasalimia.

Wao bado wana kazi. Mimi sina. Limeniuma zaidi ya nilivyotegemea.

Ijumaa, 15 Mei

Baba Halima alikuwa hanisemeshi tangu Jumatatu. Leo kaja na mashine ya taipu mgongoni, ya binamu yake, herufi R inakwama. Kaitua mezani, kaenda kuoga. Nimempikia samaki wa nazi.

Jumatatu, 25 Mei

Meza yangu ya kuandikia watu barua iko barazani, Mtaa wa Swahili, karibu na muuza vitasa. Mvua imekatika. Wateja wawili tu leo.

Wa pili mama wa makamo, kapendeza, ana haraka. Barua ya nyumba ya urithi, Ilala. Akasema niandike, sisi watoto wa marehemu tumekubaliana nyumba iuzwe. Nikatoa vidole kwenye mashine. Nikamuuliza wako wangapi, aniambie majina.

Akataja lake, akataja la kaka yake. Kuna mdogo wao pia, yuko Tanga, hajaambiwa.

Nikamwambia akamwambie kwanza, mimi nipo, siendi popote. Akaguna, akaondoka. Karatasi nimeiacha kwenye mashine. Ina tarehe tu.